Mgongo wa Dada Mwantumu

Kazi yangu ni cherehani. Nimekaa kwenye kibaraza hikihiki cha Chanika, hapa Handeni, mwaka wa kumi na nne sasa, na kama kuna kitu nimekishona kuliko vyote, si magauni ya harusi wala sare za shule. Ni pindo za kanga. Pindo huku, pindo kule, lete nyingine. Kazi hiyo haihitaji akili yoyote, ndiyo maana inachosha. Kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizoungana, na wanawake huniletea doti nzima, nikate, nipinde, waondoke na zote mbili. Mwantumu hakuwahi kuondoka na zote mbili.

Yake ilikuwa moja tu. Ya pili ilikuwa ya mdogo wake, Mwanaidi, aliyeolewa Makuyuni, upande wa Korogwe. Walianza mtindo huo wakiwa wasichana, kwa sababu marehemu mama yao alikuwa na uwezo wa doti moja kwa sikukuu, na mabinti walikuwa wawili. Walipokua wakaweza kununua, waliendelea vilevile. Idi hii ananunua mkubwa, Idi ijayo mdogo. Na hawakuishia kugawana. Kila baada ya mwezi hivi walitembeleana, na mmoja alikwenda na kanga yake akarudi na ya mwenzake. Mwantumu akitoka Makuyuni nilikuwa namwona amejifunga kanga inayonuka moshi wa jiko la mdogo wake, na anatembea kwa maringo.

"Nimerudi naye huyu, fundi," ananiambia, akijipigapiga kiunoni.

Mimi ni Msambaa wa Mpale, jina langu Bernadina, na nyumbani kwetu mimi na dada zangu tuligombania hata kitana. Niliwaonea wivu wale wawili, nasema kweli.

Choa kilimwanza hapohapo kiunoni, kwenye fundo la kanga. Duara dogo kama kizibo cha soda, limeinuka pembeni, linawasha. Akaenda duka la dawa, akapewa tyubu. Tyubu hiyo, nyie! Siku ya tatu muwasho umekufa, ngozi imelainika, Mwantumu anamsifu muuzaji kama kamwokota mtoni. Wiki mbili baadaye choa kikarudi, kikubwa zaidi, na safari hii hata kingo zake hazikuonekana vizuri, hujui kinaanzia wapi wala kinaishia wapi. Akanunua tyubu nyingine. Kikazima, kikarudi. Kikapanda mbavuni, kikashika mikono, kikatanda mgongo mzima. Akaendelea hivyo miaka minne.

Watu wanadhani choa ni ugonjwa wa kucheka. Wala hauui, watasema. Ni kweli hauui, na mimi nimeona unachokifanya. Mwantumu alikuwa anakaanga vitumbua asubuhi, pale njia panda, na alikuwa na wateja wake. Kulikuwa na mwalimu mmoja, kila siku vitumbua sita. Siku moja akamwangalia mikono, akauliza, "Leo umepika mwenyewe, mama?" Kesho yake akanunua viwili. Keshokutwa akapita upande wa pili wa barabara, anaongea na simu ambayo sidhani kama iliita. Mwantumu akaanza kuvaa mikono mirefu. Mikono mirefu, mbele ya jiko la mkaa, Februari, Handeni! Jasho likatiririka, jasho likaamsha muwasho, naye hawezi kujikuna mbele ya chakula cha watu. Alivumilia kama miezi sita, kisha siku moja akafunga karai lake kwenye kiroba na hakulifungua tena.

Msibani wakawa wanamwachia nafasi mkekani. Hakuna aliyesema neno, kila mmoja alijisogeza kidogo tu, yule kidogo, na huyu kidogo, mpaka Mwantumu akajikuta ana mkeka mzima. Wengine wakasema karogwa. Wengine wakasema damu yake chafu, wakamtazama mumewe kwa jicho la kuuliza. Mumewe, Sabiri, hakuwa mtu mbaya. Alihamia chumba cha watoto, akasema ni joto. Joto gani hilo la miaka minne mimi sijui, lakini ndivyo alivyosema, na Mwantumu hakumbishia. Usingizi alikuwa hapati. Alikuja kwangu asubuhi macho mekundu, akakaa kwenye benchi, akasinzia mgongo ukiwa umeegemea nguzo, akiusugua polepole kwenye ule mti bila kujua kama anasugua.

Mgongo ndio uliomshinda. Mikono unaipaka mwenyewe, mbavu unazipaka mwenyewe. Mgongo unahitaji mtu. Yeye alichukua mwiko wa ugali, akaufunga kitambaa kwenye ncha yake, akawa anatia dawa pale na kujipaka kwa kupitishia begani. Alinionyesha akicheka. Nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Na mara moja aliniomba. "Fundi, nipake hapa katikati tu, mwiko haufiki." Nikamwambia nina gauni la mtu la haraka. Hakukuwa na gauni. Kulikuwa na kanga tatu za kupinda, tena za mteja asiyekuwa na haraka yoyote. Mwantumu akasema, "Haya, usijali," akaenda zake. Hakuniomba tena.

Binti yake wa pekee, Maryamu, ameolewa Korogwe mjini. Alipopata mimba ya kwanza, Mwantumu alichangamka kama zamani. Kwao, uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mama yake. Mama ndiye anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, ndiye anayemwogesha mtoto, siku arobaini, mikono ya mama na si ya mtu mwingine. Mwantumu alikwisha tafuta beseni. Alikwisha nunua mafuta ya nazi. Basi siku hiyo yuko kwangu kibarazani, simu ikaita, akaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake na ile simu havielewani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linasemaje?"

"Halijambo." Kisha akasema, "Mama, tumezungumza na mwenzangu. Tumeona nikishajifungua nikapumzike kwa mama mdogo, Makuyuni. Ni karibu na hospitali."

"Karibu na hospitali," Mwantumu akarudia. "Kwani hapa Handeni hospitali hakuna?"

"Mama, usinielewe vibaya. Mtoto ngozi yake bado laini. Nimeogopa tu."

Mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani. Mwantumu alikuwa anaitazama mikono yake, ameiweka mapajani, viganja juu. Nilidhani atalia au atafoka. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Umebakiza muda gani?" akauliza.

"Miezi mitatu."

"Nikipona ndani ya miezi mitatu, utakuja kwangu?"

"Ukipona nakuja, mama. Nitoke kwako niende wapi?"

Hiyo ndiyo ikawa ahadi. Alipokata simu akaniambia, "Fundi, nataka kumwogesha mjukuu wangu. Sitaki kingine." Tukakubaliana kwenda Korogwe, kwenye kliniki ambayo daktari wa ngozi huja mara moja kwa mwezi.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, ana miwani. Alimkwangua Mwantumu ngozi kwa wembe, taratibu, akapeleka vile vigamba kwenye hadubini, akarudi. Akasema ni fangasi, si kurogwa wala damu chafu. Akaomba aione tyubu. Alipoiona akavuta pumzi ndefu. Alisema tyubu ile ina dawa ya kulaza muwasho, na fangasi ndani yake wanastarehe na kuzaana wakati mwenyewe anafikiri amepona. Miaka minne Mwantumu alikuwa anawalisha. Kisha daktari akachukua kalamu.

"Mama, kuna mtu mnayechangia naye nguo? Kanga, taulo, shuka?"

"Hakuna."

"Baba je?"

"Alihama chumba."

"Watoto?"

"Wa kike ameolewa, wa kiume wako Dar."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna kabisa, mwanangu."

Daktari akaandika hakuna. Na mimi, niliyekata doti zile miaka yote hiyo, nilikuwa nimekaa palepale nimepakata mkoba wake, nikatikisa kichwa kuthibitisha. Wala Mwantumu hakudanganya. Ukimwuliza anachangia na nani anatafuta mtu mwingine kichwani, na Mwanaidi kwake hakuwa mtu mwingine. Mimi je? Mimi sina sababu. Nilikuwa nimezoea tu.

Akapewa vidonge vya wiki sita na marhamu ya kupaka. Akaambiwa achemshe nguo zake, azianike juani, azipige pasi. Sijapata kuona mtu anatumia dawa kama yule. Alichemsha kanga mpaka rangi zikalia. Alipiga pasi ya mkaa hata vitambaa vya jikoni. Wiki ya tatu muwasho ukapungua, akalala. Wiki ya sita nikamwona anakuja amevaa blauzi ya mikono mifupi, na mikono yake ni safi, imebaki na kivuli cheusi tu mahali choa kilipokuwa. Akanigeuzia mgongo palepale barabarani, akanyanyua blauzi.

"Angalia, fundi! Sema kweli!"

"Umepona," nikasema. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi, na ndani yake kulikuwa na aibu kidogo pia.

Akampigia Maryamu. Maryamu akalia kwenye simu, akasema anakuja, amwandalie kile chumba cha mbele. Mwantumu akapita dukani akanunua doti mpya, ya zambarau na njano, akaniletea nikate. Nikakata, nikapinda. Siku ya pili akaipeleka nusu Makuyuni, kumwonyesha mdogo wake ile ngozi. Akarudi jioni amejifunga kanga ya Mwanaidi, ile ya zamani ambayo pindo lake moja nililishona kwa uzi wa kijani baada ya uzi mweupe kuniishia. Akajipigapiga kiunoni. "Nimerudi naye." Nikamwona, nikacheka naye, na sikuona kitu.

Baada ya wiki tatu alikuja asubuhi akakaa kwenye benchi. Hakusalimia. Akalegeza kanga kidogo, akanionyesha pale penye fundo. Duara dogo, kama kizibo cha soda.

Nikaweka mkasi chini.

"Nimechoka, fundi," akasema. "Sijui hata nimechoka wapi. Nimechoka tu." Kisha akachukua simu, akampigia binti yake mwenyewe. "Maryamu, nenda kwa mama yako mdogo." Maryamu hakuuliza kwa nini.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Siku ya sita mimi na Mwantumu tukaenda Makuyuni kumwona. Mwanaidi akatupokea vizuri, akamwekea dada yake kigoda mlangoni mwa chumba cha mzazi, si ndani. Maryamu akamwinua mtoto kitandani ili bibi yake amwone. Mwantumu alimtazama mikono yake ikiwa imefungwa pamoja mapajani, akasema, "Ana paji la baba yake." Hakuomba kumshika.

Mwanaidi alikuwa ametoka kumwogesha. Beseni bado lilikuwa na maji, na yeye alikuwa amejifunga kanga kifuani, mabega yako nje, analoa jasho la maji ya moto. Akachukua nepi alizofua, akatoka uani kuzianika. Kutoka pale mlangoni mimi na Mwantumu tulimwona vizuri. Aliponyanyua mikono kuifikia kamba, kanga ikashuka chini ya kwapa, na pale ubavuni choa kilikuwa kimetanda mpaka mgongoni, kipana, kingo zake zimefifia, kama kile cha dada yake cha miaka ya tyubu. Nikaitazama kanga yenyewe. Pindo moja lilikuwa na uzi wa kijani: ileile aliyorudi nayo Mwantumu alipopona, wakabadilishana tena.

Mwantumu alikwisha simama.

"Mwanaidi."

"Abee, dada."

"Tangu lini?"

Mwanaidi akashusha mikono haraka, akaivuta kanga juu. Alifikiri kukataa, nilimwona akifikiri, kisha akaacha. "Mwaka wa nne. Labda wa tano. Sijui kati yetu nani alianza."

"Na hukuniambia? Mimi?"

"Niliona walivyokufanya," Mwanaidi akasema. "Vitumbua. Shemeji. Kule msibani kwa mzee Mwinjuma, ulivyoachiwa mkeka peke yako. Nikaja nikakaa nawe, unakumbuka? Watu wakasema Mwanaidi ana moyo. Sikuwa na moyo, dada. Nilikuwa naogopa wasije wakaniona na mimi. Nanunua tyubu kama ile yako, najipaka kabla watu hawajaja. Na Maryamu aliponiomba nimwogeshee mtoto, nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni mimi. Nisamehe."

Mwantumu alikuwa na haki ya kumpiga kofi. Mimi ningempiga. Pia alikuwa na nafasi ya kunyamaza, amwachie mdogo wake ile heshima, maana ya kwake ilikwisha potea. Hakufanya hayo. Aligeuka, akaenda mpaka kizingitini, akasimama palepale bila kuingia.

"Maryamu, mpigie mama mkwe wako. Mwambie aje leo."

"Kuna nini, mama?"

Mwanaidi ndiye aliyejibu, akiwa nyuma yake.

"Mimi pia ninacho, mwanangu. Usinipe tena mtoto."

Maryamu alimvuta mtoto kifuani. Aliwatazama wote wawili, mama huyu na mama yule, wamesimama mlangoni hawaingii, na uso wake ukakunjamana kama alipokuwa mdogo. "Sasa mimi," akasema akilia, "nani atanikanda?"

Mengine nitayasema upesi. Mtoto alipelekwa kwa nesi kesho yake, hakuonekana na doa, na hadi leo hana. Maryamu naye salama. Wale wawili walikwenda kliniki pamoja, na yule daktari wa miwani akauliza swali lake tena, na safari hii akaandika jina. Ile kanga ya uzi wa kijani waliichoma. Doti sikati tena kwa watu wawili. Kila mmoja ananunua yake, mimi napinda zote mbili, na Mwantumu anaondoka nazo chini ya kwapa bila kuringa. Hali zao zinaendelea vizuri. Daktari anasema wasikimbilie kufurahi, na wao hawajakimbilia.

Ila mimi kila nikikaa kwenye cherehani nakumbuka alasiri ile ya Makuyuni. Mama mkwe alikuwa amekwisha fika kwa bodaboda, bibi mmoja mwembamba, mchapakazi, akaomba maji ya moto, akafunga mlango wa chumba. Mwantumu na Mwanaidi walikuwa wamekaa nyuma ya jiko, hawasemeshani. Mimi nilikuwa napepeta mchele ambao hakuna aliyenituma nipepete. Kisha Mwantumu akafungua mkoba, akatoa marhamu yake ya hospitali.

"Geuka," akamwambia mdogo wake.

Akampaka, kwa kiganja kizima, polepole, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Alipomaliza, Mwanaidi akaichukua ile dawa mkononi mwake, akamgeuza dada yake, akamlegeza kanga. Miaka minne mgongo ule ulikuwa umeguswa na mwiko tu. Mkono ulipotua, Mwantumu alishtuka, akafumba macho.

"Hapo?"

"Juu kidogo. Hapo. Hapohapo."

Ndani, mtoto akaanza kulia. Alikuwa ametiwa kwenye beseni, kilio chake kilikuwa kile cha maji. Mkono wa Mwanaidi ukasimama. Wote wawili wakainua vichwa, wakasikiliza.

"Maji ya moto sana hayo," Mwantumu akasema, akaanza kunyanyuka.

Mwanaidi akamshika bega, akamrudisha chini.

"Kaa, dada," akasema. "Yuko na mtu."

Akakaa. Mwanaidi akatia dawa nyingine kwenye kiganja, akaendelea kumpaka, na mtoto aliendelea kulia.